Wiki Sita za Kunyamaza

Vijana wangu, jambo la kwanza watu huniuliza wakisikia kazi niliyofanya ni hili: "Bibi, kweli ulikuwa unaimba bila maikrofoni?" Kweli. Bila maikrofoni, kinanda kikipigwa na fidla zikilia, na mtu aliyekaa kiti cha nyuma kabisa alitakiwa asikie kila neno. Hiyo ndiyo opera. Ni mchezo wa kuigiza ambao watu wake hawaongei, wanaimba kila kitu, hata kuomba maji ya kunywa. Mimi niliimba soprano, sauti ya juu kabisa ya kike, mpaka nywele zikaanza kuwa nyeupe, halafu nikafundisha mpaka magoti yakakataa ngazi za ukumbi.

Sasa nakaa hapa Nyanungu na ng'ombe wangu watatu. Ninyi mnaokuja Jumamosi, wengine kutoka mbali kama Machochwe, mmeniomba niwaandikie nilivyoanza. Naandika kama ninavyoongea. Nikiruka huku na kule, mnivumilie.

Nilikulia Genkuru wakati dhahabu ilipowatia watu wazimu. Bado ilikuwa ni mambo ya nyundo, sururu na karai. Watu walimiminika kutoka Musoma, Shinyanga, Geita, na ng'ambo ya mpaka. Shamba ulilolipita jana likiwa na mahindi, leo unakuta limejaa mashimo. Shimo moja la kuchimbia tuliliita duara, na kila duara lilikuwa na mwenyewe, na wachimbaji wake walioshuka kwa kamba.

Mama yangu, Wankuru, hakushuka. Kazi yake, kama ya wanawake wengine, ilikuwa kuponda. Mawe yakitolewa chini, wanawake wanakaa kwenye kivuli cha magunia, kila mmoja na nyundo yake, wanaponda jiwe mpaka liwe laini kama unga. Vumbi lake lilikuwa jeupe. Mama akirudi jioni, mgeni angedhani ametoka mashineni kusaga mahindi. Baba alikuwa amefariki, na mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo nikitoka shule nilikaa karibu naye na nyundo ndogo. Kule, ukitaka mwenzako akusikie, ilibidi upaze sauti juu ya nyundo mia. Basi nikawa na sauti ambayo kanisani walinipanga mstari wa mbele, na bado walioimba pembeni yangu wakawa wanageuka.

Siku moja kwaya yetu ilikwenda Sirari kwenye mashindano. Tulikuwa kwaya sita, tukawa wa tano. Tulipokuwa tunapanga foleni ya soda, jaji mmoja akaja, mama mrefu mwenye miwani, Mjaluo wa upande wa Kenya. Alikuwa anaitwa Mwalimu Adhiambo. Alisomea uimbaji mbali, akarudi kufundisha muziki Migori. Mimi sikujua hayo. Niliona miwani tu.

"Wewe wa mbele, unaitwa nani?"

"Bhoke. Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Bhoke, unajua kwamba huimbi? Unapiga kelele."

Nilitazama chini. Hata hamu ya soda ikaniisha.

"Usilie, bado sijamaliza. Wengine wanapiga kelele kooni. Yako iko mahali pazuri, sijui nani amekuwekea huko. Mama yako ako wapi?"

Wiki mbili baadaye alifika Genkuru na viatu vyake vya kisigino, akatembea katikati ya mashimo mpaka kwenye kivuli cha magunia. Mama hakusimamisha nyundo. Mwalimu akaeleza kwamba anataka nikakae kwake Migori, nisome na nifundishwe kuimba, na kwamba shangazi yangu Gati, aliyeolewa Isebania, angeweza kuja kuniona kila mwezi.

"Kuimba ni kazi?" mama akauliza.

"Ni kazi, mama. Tena ni kazi ngumu kuliko hii yako."

Mama aliitazama nyundo yake, akavitazama viatu vya Mwalimu. "Hapo umedanganya," akasema. "Lakini endelea."

Ndivyo nilivyokwenda Migori.

Wengi wenu mkija kwangu mnataka siku ya kwanza tuimbe. Mimi nilikaa wiki tatu bila kuimba noti moja. Mwalimu alinilaza chini sebuleni, akaniwekea pakiti ya unga ya kilo mbili tumboni, akasema, "Pumua, huo unga upande. Sasa ushushe polepole. Polepole! Umeuangusha." Nililala pale kila siku nikimkumbuka mama na nikiona aibu. Watu wa Genkuru wangeniuliza nimejifunza nini Kenya, ningesema nimejifunza kubeba unga kwa tumbo.

Lakini shikeni hilo, kwa sababu ndilo la kwanza na la mwisho. Pumzi ndiyo inayofanya kazi. Koo ni mlango tu, na mlango haupaswi kuchoka. Mkiona mshipa wa shingo umemsimama mwimbaji, jueni pumzi imeisha na sasa anasukuma kwa nguvu za shingo.

La pili alilonifundisha ni daraja. Kila mtu ana sauti ya kifua, ile ya kuongea na kuitia ng'ombe, na sauti ya kichwa, ile nyembamba ya juu. Kati ya hizo mbili kuna mahali sauti inapokatika kama ya kijana anayebalehe. Mimi nilikuwa naruka pale kwa kupiga kelele. Mwalimu akanifundisha kupavuka kwa kuimba kidogo, kidogo sana, kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Ilinichukua mwaka mzima. Siku nilipovuka bila kukatika, Mwalimu aliinuka. Alikwenda jikoni akatengeneza chai, akaniletea yeye mwenyewe. Kwa mtu yule, hiyo ilikuwa sherehe.

Halafu kikaja Kiitaliano. Mnajua tunaimba lugha ambazo hatuziongei. Mimi, niliyejifunza Kiswahili shuleni baada ya Kikurya, sasa natakiwa niimbe Kiitaliano. Nikakariri maneno kama mtoto anavyokariri sala. Jioni moja nyumbani kwa Mwalimu walikuja wageni, nikaimba wimbo mmoja mzuri, nikatabasamu mwanzo hadi mwisho, mikono nimeifungua kama bibi harusi. Wageni wakatazamana. Walipoondoka Mwalimu akaniuliza, "Bhoke, huyo mwanamke wa kwenye wimbo anafanya nini?"

"Anafurahi, mwalimu."

"Mume wake amekufa. Ameukuta mwili."

Tangu siku hiyo akaniwekea sheria: wimbo wowote, kabla sijauimba, nimweleze kwa Kiswahili, halafu nimweleze kwa Kikurya, ingawa Kikurya hakukijua. "Kama huwezi kumweleza mama yako," alisema, "hujauelewa." Mpaka leo nafanya hivyo, na ninyi mnajua nawafanyisha hivyo. Mmoja wenu alinung'unika juzi. Nilimsikia.

Mengine ni madogo lakini yanaokoa. Kunywa maji kidogo kidogo tangu asubuhi. Ukinywa wakati wa kupanda jukwaani umechelewa. Usikohoe ili kusafisha koo, meza mate. Usishibe ugali halafu ukaimba, tumbo litakosa mahali pa kwenda. Na kwenye mazoezi, mwongozaji anapopanga tu nani asimame wapi, imba nusu. Mimi sikulijua hilo. Mazoezi yangu ya kwanza Nairobi, Mwalimu aliponipeleka kwenye kikundi cha opera, nilitoa sauti yote, kila mara, kutwa nzima, nikidhani wananiona hodari. Baba mmoja mwimbaji wa besi alinisogelea akaniuliza kwa upole kama kuna mtu nyumbani kwetu ni kiziwi.

Nairobi tulikuwa kikundi kidogo. Walimu, wauguzi, makarani, na wageni wachache. Tulitoa opera moja kwa mwaka. Miaka miwili niliimba kwenye kwaya ya nyuma, nikiwa mwanakijiji, mara mtawa, mara mwanakijiji tena. Mwaka wa tatu mwongozaji akanipa nafasi ya mtumishi wa nyumbani. Mtumishi huyo alikuwa na wimbo wake peke yake, dakika nne. Dakika nne ambazo ukumbi mzima ungenisikiliza mimi Bhoke wa Genkuru. Nilimwandikia mama barua yenye kurasa tatu, na kurasa mbili zilikuwa juu ya gauni.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Tangu siku ya kwanza Mwalimu alikuwa ameniambia, "Lile vumbi la kwenu ni sumu ya sauti. Ukienda likizo, usikaribie." Nami nilikuwa nimemwitikia. Lakini fikirieni. Unafika nyumbani, mama yako amekonda, mikono imepasuka, wenzako uliokua nao wako palepale na nyundo zao. Wewe ukae kando na kitambaa puani, kwa kuwa umekuwa mtu wa opera? Kila likizo nilishika nyundo. Mama alinikataza, nikamwambia Mwalimu ameruhusu. Nikirudi Migori, Mwalimu akaniuliza, nikamwambia sikukaribia. Niliwadanganya wote wawili, na kila mmoja alimwamini mwenzake kupitia mdomo wangu.

Baada ya likizo ile ya mwaka wa tatu, zikiwa zimebaki wiki kumi tuonyeshe, nilisimama kwenye mazoezi kuimba wimbo wangu. Nilipofika kwenye noti ya juu, haikutoka. Sisemi ilitoka vibaya. Haikutoka. Ulitoka upepo, kama wa gurudumu la baiskeli. Nikajaribu tena. Mpiga kinanda akaondoa vidole.

Daktari wa koo alinitazama na kioo chake, akasema nyuzi za sauti zimevimba na koo lote limechubuka. "Unafanya kazi kwenye saruji?" akaniuliza. Mwalimu alikuwa amekaa pembeni. Nikatikisa kichwa kukataa. Daktari akaandika: wiki sita bila kutoa sauti. Nisiongee, nisicheke kwa sauti, hata kunong'ona marufuku.

Kunong'ona mnadhani ni kupumzika. Siyo. Kunong'ona kunazikausha nyuzi kuliko kuongea kwa upole. Mkipoteza sauti, nyamazeni kabisa, au semeni kidogo kwa sauti ya kawaida. Hilo nalijua kwa machungu.

Mwalimu akanirudisha nyumbani nikapumzike, na barua kwa mama: mtoto huyu asiongee wiki sita, na asikaribie kuponda. Mama aliisoma mara mbili. Akanitazama sana. Nadhani alijua kila kitu wakati ule ule, lakini kwa kuwa sikuweza kujibu, hakuniuliza.

Msidhani kunyamaza Genkuru ni jambo rahisi. Mjini unaweza kupita watu bila kusema neno. Kwetu, msichana anayempita mzee bila shikamoo ni msichana aliyeharibika. Siku ya pili nilikutana na Mzee Mwita njiani. Nikapiga goti, nikainamisha kichwa, nikaweka mkono kifuani. Akasubiri. Mimi nimepiga goti, yeye anasubiri. Mwishowe akasema, "Kenya wamekufundisha kuwadharau wazee?" akaondoka akigonga fimbo yake chini.

Jioni mama alikwenda kwake kueleza. Tangu siku hiyo nikitembea na mama, yeye ndiye aliyekuwa mdomo wangu. "Shikamoo, mzee. Na Bhoke naye anasema shikamoo." "Marahaba, Wankuru. Marahaba, Bhoke." Wengine walisema nimerogwa na waimbaji wa Nairobi. Wengine walisema nina mimba ya mtu ninayeogopa kumtaja, sijui mimba na mdomo vinahusianaje. Mama akiwajibu alisema kitu kimoja: "Ameambiwa na daktari." Basi. Mimi nilikuwa na daftari la kuandikia, lakini wengi niliotaka kuwaambia kitu hawakujua kusoma.

Wiki ya tano ilinyesha mvua siku tatu mfululizo. Siku ya nne jua likatoka, watu wakarudi kwenye maduara. Mchana nilimpelekea mama chakula. Nilikuwa nikikiacha mbali kidogo, mahali vumbi halifiki, naye anakuja kula. Ardhi ilikuwa bado na maji. Nikakaa juu ya jiwe nikimsubiri, na mbele yangu, kama hatua thelathini, palikuwa na duara walilokuwa wakichimba watu sita. Mmoja wao alikuwa Marwa, kijana wa Machochwe, mume wa rafiki yangu Nyangi. Alikuwa mcheshi. Nikiwa kimya, yeye ndiye pekee aliyenitania; alikuwa akinisalimu, halafu anajijibu mwenyewe kwa sauti nyembamba ya kike.

Nikaona ufa. Ulianza kwenye mdomo wa duara, ukaja kama mstari uliochorwa kwa kijiti. Nilidhani ulikuwepo tangu zamani. Nikatazama tena, ukawa umeongezeka. Gogo moja la yale yanayozuia kuta, tuliyoyaita matimba, lilikuwa limeinama. Mtu aliyekuwa juu akivuta kamba alikuwa amegeukia upande mwingine, anaongea na mwenzake.

Vijana, sasa nisikilizeni vizuri. Nilielewa mara moja. Sikuwa na shaka. Na nilipoelewa, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani kilikuwa wiki ya tano. Imebaki wiki moja. Nikipiga yowe sasa, dakika zangu nne zimekwisha.

Nikasimama nikapunga mikono. Hakuna aliyeniona. Nikaokota karai, nikaligonga kwa jiwe, lakini pale kila mtu alikuwa anagonga kitu. Nikakimbia hatua kadhaa, nikiligonga karai, nikipunga. Mama aliniona akadhani nacheza, akacheka. Nani ajuaye ilikuwa muda gani. Muda wa kusema Baba Yetu, labda. Labda nusu yake.

Ndipo nikatupa karai, nikapiga yowe. Yote niliyofundishwa, pumzi, daraja, mlango wa koo, niliyasahau. Nilipiga yowe la kwetu, lile la kuitia watu wezi wa ng'ombe wanapokuja. Nyundo zote zikasimama. Nikapiga la pili: "Tokeni! Linabomoka! Tokeni!" Nikasikia kitu kimekatika kooni, kama uzi.

Mvuta kamba akageuka, akaona ufa, akaanza kuwaita. Wakatoka. Mmoja, wa pili, wa tatu, wanapandiana mabegani. Wa nne alikuwa Marwa. Alitoka, nikamwona ametoka, akasimama kwenye jua, mikono kiunoni. Halafu akageuka. Kiroba chake cha mawe kilikuwa kwenye ngazi ya kwanza iliyochongwa ukutani, si mbali, kama urefu wa mtu mmoja na nusu. Watu wawili wengine walikuwa wanapanda, akawapisha. Akashuka kukichukua.

Ukuta ulianguka kwa ulaini. Nilitegemea mshindo. Ulikuwa mlio mdogo tu, kama mtu amekaa juu ya gunia la maharage.

Watano walipona. Marwa tulimtoa siku iliyofuata.

Tulimzika kwao Machochwe. Nilikuwepo. Kwaya ilikuja, na mama mmoja akaja kunishika mkono akaniambia, "Bhoke, wewe mwenye sauti, simama utuimbie." Nikafungua mdomo kumwonyesha kwamba hakuna kitu. Akakasirika. Nyangi, aliyekuwa amekaa chini kwenye mkeka, akasema, "Mwacheni. Huyu ndiye aliyewaita wale wengine." Watu wakanitazama kwa shukrani. Nilitamani kaburi lile lingekuwa na nafasi ya pili.

Nilirudi Migori na daftari langu, nikaandika yote. Nyundo, uongo, ufa, yowe. Nusu moja sikuiandika, ile ya kusita. Mwalimu alisoma akiwa amesimama. Akavua miwani.

"Umenidanganya miaka yote hii," akasema. "Kwa hilo nimekasirika, na nitakaa na hasira yangu kwa muda, usiniharakishe. Kwa lile yowe, sina neno."

Daktari alisema ningoje miezi mitatu zaidi. Nafasi yangu akapewa msichana mwingine, Wairimu. Mwalimu akanilazimisha kwenda kukaa kwenye kila zoezi, kimya, nikimtazama Wairimu akiimba wimbo wangu. Niliona ni adhabu. Lakini ukikaa kimya ukasikiliza mtu mwingine akiimba kitu unachokijua mpaka mifupani, unaanza kusikia ambacho hukuwahi kukisikia ukiwa unaimba. Kuna mahali Wairimu alikuwa akikosa pumzi kila mara. Siku moja alikuja kukaa karibu yangu, akanyoosha kidole kwenye karatasi ya noti, akasema, "Hapa kwako ulikuwa unapumua wapi?" Nilichukua penseli nikamwekea alama. Usiku wa maonyesho alipumua pale pale, nami nikapumua naye kule kwenye kiti changu. Walimpigia makofi sana. Nililia, sitawadanganya kwamba ilikuwa kwa furaha tu.

Sauti ilirudi, lakini haikurudi yote. Noti mbili za juu kabisa ziliondoka moja kwa moja. Daktari alisema labda ni yowe, labda ni vumbi, hakuna anayeweza kujua. Kuna nyimbo ambazo sikuziimba maisha yangu yote kwa sababu ya noti hizo mbili. Nikachagua nyingine. Mwaka uliofuata nilipewa mtumishi mwingine, katika opera nyingine, na safari hii mama alikuja Nairobi, akiwa na shangazi Gati. Katika mchezo, bibi mwenye nyumba ananipiga kofi. Kofi lenyewe ni la uongo, mtu anapiga makofi nyuma ya pazia. Lakini mama alisimama katikati ya ukumbi akamkemea yule bibi kwa Kikurya, kwa ile sauti ya kuponda mawe. Nusu ya watu walidhani ni sehemu ya mchezo. Mwongozaji aliniambia baadaye kwamba sasa amejua nilikoitoa sauti yangu.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Mengine yaliyofuata, safari, magauni, kusifiwa na kusahauliwa, mtayajua wenyewe mkifika.

Ila kuna nusu ile ambayo sikuiandika kwenye daftari. Sijawahi kumwambia mwanafunzi yeyote, na nawaambia ninyi kwa kuwa siku moja mtakuwa na sauti ya kutunza, na kuitunza kuna mahali panapofika mwisho.

Ilinichukua miaka miwili kwenda kwa Nyangi. Nilipanda gari mpaka Machochwe, nikamkuta shambani aking'oa mihogo. Tembo walikuwa wametoka hifadhini, wamekula shamba la jirani, naye alitaka kuiwahi yake. Tukasalimiana, tukaulizana habari za watoto na za mama. Nikainama nikaanza kung'oa pamoja naye. Tulipofika mwisho wa tuta la pili nikasema.

"Nyangi, siku ile niliuona ule ufa mapema. Sikupiga yowe palepale. Niliogopa kuharibu sauti yangu. Niligonga karai kwanza."

Hakuacha kung'oa. Akauchukua muhogo, akaugonga kwenye goti udongo utoke, akauweka kwenye rundo.

"Kwa muda gani?"

"Sijui. Mfupi. Lakini labda angefika mbali na shimo. Labda asingerudi."

Aling'oa shina lingine. Kule mbali, watu wa jirani walikuwa wakigonga madebe kuwafukuza tembo.

"Marwa alikusikia," akasema mwishowe. "Alikusikia akatoka, halafu akarudi mwenyewe. Hilo ni lake. Hili lako nimelisikia." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Siku nyingine usingoje."

"Sitangoja."

"Haya. Shika upande ule, hapa pamebaki matuta manne."

Tukang'oa yote manne, tukajaza magunia mawili, na jua lilipoanza kushuka tukayabeba mpaka nyumbani kwake.